Jumamosi nne za kuogopa: darasa la insha nililompeleka mjukuu wangu Malindi

Mjukuu wangu ana miaka kumi na mmoja, yuko Gredi ya Tano, na hadi mwezi wa saba alikuwa na hofu ya namna moja tu. Insha yake ikifika mahali pa kutisha, awe ni nyoka, mwizi au mwalimu mkuu, mhusika "alitetemeka kama unyasi nyikani penye upepo mkali". Siku moja nikamuuliza, "Mume wangu, huko nyikani ulikwenda lini?" Akasema hajawahi kwenda. "Na huo unyasi?" Akanyamaza. Sentensi ile aliipata shuleni, kwenye karatasi iliyoandikwa juu "Mapambo ya Insha", pamoja na jua linalochomoza kutoka mafichoni mwake na ndege wanaotumbuiza matawini.

Siwezi kuwalaumu walimu wake nikajiacha mimi. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi miaka 27, na mapambo hayo nimeyagawa kwa mkono wangu. Enzi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, insha ilikuwa na alama 40 na dakika 40, na mtoto anayekimbizana na saa anataka kitu cha kushika. Sisi tukampa unyasi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtaala ukabadilika, vitabu vikabadilika, unyasi ukabaki palepale.

Basi niliposikia kuna darasa la likizo ya Agosti hapa Malindi linalofundisha watoto insha za maelezo na za ushawishi kwa mambo ya kutisha, kwanza nilicheka, kisha nikalipa. Jina la darasa silitaji, kwa kuwa nitalisema kwa mema na kwa mabaya, na wanaoliendesha ni vijana wawili ambao ndio kwanza wanaanza. Wa Malindi mtalijua tu. Wa kwingine, tumieni nitakayosema kupimia darasa lolote la namna hii mtakalotajiwa.

Ada ilikuwa shilingi 3,500 kwa Jumamosi nne, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, pamoja na safari moja ya kwenda magofu ya Gede, nauli na kiingilio humohumo. Watoto walikuwa kumi na wanne, wa miaka minane hadi kumi na mitatu, katika ukumbi wa kukodi wenye feni mbili, moja nzima. Mtoto anakuja na daftari na kalamu. Saa nne na nusu kuna chai ya rangi na mahamri, na mahamri yale yalikuwa na iliki ya haja, jambo ambalo mimi silipuuzi. Mzazi akitaka kukaa nyuma anaruhusiwa, mradi anyamaze. Nilikaa Jumamosi zote nne nikishona kofia. Kunyamaza nilijaribu.

Jumamosi ya kwanza mwalimu wa kike hakuanza kwa kueleza insha ni nini. Alisema "Paukwa!", watoto wakaitika "Pakawa!", kisha akaweka mezani mfuko mweusi wa nguo uliofungwa mdomo kwa kamba. Kila mtoto anapita, anaingiza mkono, anapapasa mpaka wenzake wahesabu kumi, anarudi kitini na kuandika sentensi tano. Kuchungulia hakuna. Ubaoni palikuwa na masharti. Usitumie neno hofu wala jamaa zake: kuogopa, kutisha, kuogofya. Usikitaje kitu kwa jina, hata kama umekijua. Na ukitaka kusema "kama", basi hicho unachofananisha nacho uwe umekiona au umekigusa wewe mwenyewe. Mtoto akisoma mfano wa kuazima, darasa zima linapiga kelele, "Umeuona?"

Mjukuu wangu akasimama kifua mbele, akasoma unyasi wake.

"Umeuona?" watoto kumi na watatu kwa sauti moja. Nilikata uzi kwa meno nikaangalia chini.

Ndani ya mfuko mlikuwa na vitu vya jikoni tu, nilivijua walipovitoa mwishoni. Kokwa la embe lililonyonywa likaanikwa mpaka nyuzi zikasimama. Bamia zilizochemshwa zikapoa, ziko kwenye kibakuli. Glovu ya mpira iliyojazwa mchanga wa baridi. Lakini mikono ya watoto ilikuta mengine kabisa. Kuhusu kokwa, mtoto mmoja wa Kisumu Ndogo aliandika, "Kina nywele lakini hakina kichwa." Kuhusu bamia, msichana wa Shela, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno, alisoma: "Kilikubali kidole changu kabla sijaamua kukiingiza."

Nimesahihisha insha za Darasa la Sita kwa marundo na sikuwahi kupata sentensi kama hiyo. Sikuipata kwa sababu sikuwahi kuwapa bamia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walichagua vitisho na wasichague, tuseme, sherehe ya harusi. Mwambie mtoto aelezee harusi, atakuletea alichosikia watu wazima wakisema: ilifana, ilinoga, watu walikula wakasaza. Lakini woga kila mtoto anao wake, na ameupata mwenyewe, usiku, kitandani, hakuna mtu mzima aliyemsaidia maneno. Ukimkataza kulitaja neno lenyewe, inambidi arudi kwenye mwili: mkono ulikuta nini, sikio lilisikia nini, pua je. Mwalimu hakuyahubiri haya. Alikataza maneno manne tu na kukaa chini.

Kazi ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa kuzima taa na kusikiliza usiku kwa dakika kumi, kisha kuandika sauti kwa mpango, kutoka ya mbali kuja ya karibu. Sisi tunakaa nyumba ya makuti, nyuma kuna mwembe, na jirani ana minazi anayogemea. Ijumaa usiku mjukuu alinijia chumbani.

"Bibi, yuwalia mtoto huko nje."

"Si mtoto. Ni komba, anavizia kibuyu cha mgema. Kalale."

"Komba yuwalia hivyo kwani amefanywaje?"

"Hajafanywa kitu. Amelewa. Kalale, mume wangu."

Hakulala, aliandika. Nimeinakili hapa kama ilivyo, tahajia tu nimeisafisha: "Mbali kulikuwa na pikipiki. Kisha mbwa. Kisha makuti yakajikuna. Kisha mtoto akalia juu ya mnazi, mahali ambapo hakuna mama."

Huyu ni yuleyule wa unyasi, siku sita baadaye.

Sasa nije kwenye Jumamosi ya pili, ambayo ilinipandisha presha. Vijana wale walikuwa wamechukua karatasi za mazoezi kutoka intaneti, za huko Marekani, wakazitafsiri. Zilitengenezwa kwa ajili ya Halloween, ile siku yao ya 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kubisha milango ya watu kuomba peremende. Zoezi lenyewe ni zuri: una nyumba yenye mashetani, wewe ni dalali, andika tangazo la kuiuza. Ushawishi mtupu. Ila nyumba iliyochorwa ilikuwa na paa lenye ncha, chumba cha stoo chini ya ardhi, chumba kingine juu ya dari, na mbele ya mlango boga lenye macho na meno.

"Mwalimu, hilo boga limefanywa nini?"

"Limechongwa, ndani likawekwa mshumaa."

"Na nyama yake?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Kwetu boga ni la kupikwa kwa tui na hiliki, na mtoto akikuta limekatwa meno anachoona ni chakula kilichoharibiwa, hatishiki. Watoto walimaliza nusu saa wakiulizana chumba cha juu ya dari unapandaje na paa la makuti. Matangazo waliyoandika yalikuwa makavu. Unyasi ulirudi, ingawa safari hii ulikuwa wa Marekani: majani makavu yanayopeperuka, upepo wa baridi, kengele ya usiku wa manane. Umeuona? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakuwa ameuona.

Hilo ningelisamehe. Nililoshindwa kunyamazia ni mchoro wa pembeni: kikongwe, mgongo umepinda, nywele nyeupe, macho mekundu, na chini yake neno "mchawi". Watoto waliambiwa wamwelezee kwa vivumishi vitano vya kutisha.

Tuko Kaunti ya Kilifi. Kaunti hii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na aghalabu ukichimba chini ya tuhuma unakuta shamba. Wengine wameacha nyumba na minazi yao wakakimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, kuhifadhiwa. Na alama wanazopewa hao wazee na wanaowawinda ni hizohizo mbili: mvi na macho mekundu. Mimi nina mvi. Macho yangu ni mekundu kwa sababu nimepikia kuni miaka mingi kuliko umri wa mwalimu yule. Niliweka kofia chini nikasimama, nikawaambia mbele ya watoto kwamba vivumishi hivyo vitano vikishazoeleka kinywani, kuna siku mtoto atavitumia kwa mtu mwenye jina.

Nasema kwa haki: hawakubishana nami. Mwalimu wa kiume alikusanya karatasi zote palepale, akazikunja, akasema hakuwahi kulifikiria hivyo na anashukuru. Jumamosi iliyofuata hapakuwa na mchawi wala boga. Lakini mtu anayefundisha watoto hapa Pwani alitakiwa alifikirie kabla ya kutoa chapa, si baada ya bibi wa watu kupandwa na hasira.

Siku hiyohiyo kulikuwa na mengine mawili. Walifunga madirisha, wakatundika leso, wakachezesha sauti za milango kwenye simu. Mtoto mdogo kuliko wote akalia mpaka akapigiwa simu mama yake. Kwa maoni yangu mtoto wa miaka minane si wa darasa hili, na tangazo lao liseme hivyo. Na baba mmoja alimwondoa mwanawe akisema majini hayafanyiwi mchezo. Ninamwelewa. Nyumba nyingi huku, za Waislamu na za Wakristo, jini si hadithi. Vijana walipaswa kuwaeleza wazazi kwa maandishi mapema wanachofanya na wasichofanya. Baada ya pale waliweka sharti jipya kwamba hakuna kulitaja jini, pepo wala zimwi. Ni "kitu" tu. Walifanya kwa kuogopa wazazi, lakini insha zikawa bora, kwa kuwa kitu kisicho na jina kinamsumbua msomaji zaidi.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyolipa ada yote.

Gede iko kilomita kama 16 kutoka Malindi kwa barabara ya Mombasa. Sisi tuliokulia huku tukiwa wadogo tuliambiwa tusiende peke yetu, pale pana wenyewe. Sijawahi kuambiwa wenyewe ni nani, na sikuwahi kuuliza. Ni mji wa Waswahili wa mawe: msikiti mkubwa, kasri, visima, makaburi, kuta za nyumba zisizo na paa, na msitu umesimama katikati ya vyumba. Kuna kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Katika karne ya 17 watu wa mwisho waliondoka. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mjukuu wangu, anayekaa nusu saa kutoka pale, alikuwa hajaingia hata siku moja. Aibu hiyo ni yangu.

Mwalimu wa kiume, nadhani kwa kutaka kulipia boga, alikuwa amejiandaa. Aliwaambia watoto habari ya James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, ambaye aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna kitu au mtu nyuma ya kuta anayemtazama, si kwa uadui wala kwa urafiki, anangoja tu jambo ambalo tayari alilijua. "Ametumia neno hofu?" mwalimu akauliza. Hakulitumia. "Amesema ni nani?" Hakusema. Watoto wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakaangalia ukuta nyuma yao.

Kisha akawaonyesha jambo ambalo mimi nimeliona mara nyingi nisilitie akilini. Nyumba za Gede zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake wakati wa kuchimba. Iko Nyumba ya Mkasi. Iko Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Pesa za Kichina, Nyumba ya Kauri. "Humu watu walizaliwa, wakaoa, wakagombana, wakafa," akasema, "na jina limetoka kwenye mkasi. Hamna nafasi ya kueleza nyumba nzima. Kila mtu akatafute mkasi wake."

Wakapewa nusu saa. Kila mtoto akakaa katika nyumba moja, peke yake lakini mahali anapoonekana, achague kitu kimoja. Nilikaa kwenye kivuli cha mbuyu nikiwaangalia. Kulikuwa kimya kwa namna ambayo watoto kumi na watatu hawawi kimya. Kima mmoja alishuka akachukua ndizi ya mtoto kutoka kwenye mkoba wake bila haraka yoyote, kama mtu anayechukua chake, na mtoto mwenyewe hakupiga kelele, aliandika. Msichana wa Shela alichagua tundu dogo ukutani, la kuwekea taa. Alipeleka kidole ndani, akakinusa, akaandika muda mrefu. Mjukuu wangu alikaa ukingoni mwa baraza la mawe akichungulia mfereji wa maji machafu, nami nikasema moyoni, katika yote haya umechagua mfereji. Insha yake ilianza hivi: "Maji yaliyooshea mikono yalipita hapa. Mikono sijui ilikwenda wapi."

Baada ya chai, iliyobebwa kwenye chupa, likaja lile zoezi la dalali, safari hii kwa nyumba ambazo watoto wameketi ndani yake. Na hapa mwalimu wa kike alifundisha ushawishi vizuri kuliko nilivyowahi kuufundisha. Mimi nilikuwa nikisema: toa hoja tatu, anza na "Kwanza", malizia na "Hatimaye". Yeye alisema dalali mwenye akili hasemi uongo, kwa sababu mteja atakuja kuiona nyumba. Anachofanya ni kuchagua. Nyumba haina paa. Hilo usilifiche, litafutie mtu wa kulipenda. Akagawa kadi za wateja. Mmoja amuuzie mtalii, mwingine mwanafunzi anayetafuta utulivu, mwingine familia ya popo.

Tulicheka mpaka walinzi wakaja kutuangalia. "Majirani ni watulivu, hawajalalamika kwa miaka mia nne." "Stima hakuna, kwa hiyo bili pia hakuna." Aliyeuzia popo aliandika, "Milango yote iko wazi usiku kucha, na kuta zina nyufa za kila saizi ya familia." Kisha wakabadilishana kadi, tangazo lilelile lipelekwe kwa mteja mwingine, na watoto wakaona wenyewe kwamba hoja iliyomfurahisha popo inamkimbiza mtalii. Somo hilo kwenye kitabu ni ukurasa mzima kuhusu "hadhira lengwa". Pale lilichukua dakika kumi.

Kadi ya mjukuu wangu ilikuwa "bibi mwenye magoti mabaya". Alinitazama, akaandika, akasoma bila kunitazama tena: "Nyumba yote iko chini, hakuna ghorofa hata moja. Kisima kiko karibu. Na ukikaa barazani utaona kila anayekuja kabla yeye hajakuona wewe." Hili la mwisho halikutoka kwenye kadi. Ni mahali pangu pa kukaa kila jioni, na sikujua kwamba ameshajua ninakaa pale kwa nini.

Kwa Jumamosi ya nne sitawachosha. Waliunganisha mambo mawili: eleza kitu kinachokunyima usingizi, kisha mwandikie barua mtu mwenye uwezo wa kukiondoa. Mmoja aliwaandikia wazazi kuhusu mlango wa choo cha nje usiofungika, mwingine akaliandikia baraza la mtaa kuhusu shimo lisilofunikwa. Walifundishwa kujibu hoja ya mwenzio kabla hajaitoa. Muda haukutosha, kusoma barua zote kulikimbizwa, na vyeti vyenye picha ya popo vilichukua dakika ishirini ambazo ningeziweka kwenye kazi.

Lawama yangu nyingine ni kalamu nyekundu. Vijana hawa hawasahihishi tahajia kabisa. Wanasema mtoto asikatizwe akiwa kwenye mawazo, na nakubali asikatizwe, lakini akishamaliza? Mtoto aliyeandika habari ya kidole na bamia aliandika "ata" na "alafu" Jumamosi ya kwanza, na Jumamosi ya nne bado ni "ata" na "alafu". Ingetosha robo saa mwishoni.

Mimi natoa alama kwa mtindo ninaoujua. Kati ya 40, nawapa 33. Tatu nimekata kwa kikongwe, na ningekata zaidi kama wangebisha. Mbili kwa mtoto aliyelia. Mbili kwa "ata". Kwa shilingi 3,500 sijaona darasa la likizo Malindi linalokaribia, na mengi nimeyaona, yanayogawa karatasi za mapambo na kumpeleka mtoto nyumbani na mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani. Wanasema watafungua tena Desemba. Mwenye mtoto wa miaka tisa kwenda juu ampeleke, ila aulize kwanza kama Gede imo. Bila Gede sijui kama ningelipa.

Ile barua ya mjukuu wangu aliniandikia mimi. Nyumbani kwangu taa zote huzimwa saa tatu usiku, sheria ya tangu mama yake akiwa mdogo. Alieleza korido kwa mistari minne, kutoka mbali kuja karibu, mpaka nikaacha kuipenda korido yangu mwenyewe. Kisha akaingia kwenye hesabu: balbu ya wati 5, kwa muda wa saa tisa kila usiku, siku 30, ni uniti 1.35 kwa mwezi, "ambayo bibi haifiki bei ya sahani moja ya mbaazi na mahamri, na mahamri nitaacha". Kisha: "Najua utasema mimi ni mwanamume. Ndiyo. Lakini komba naye ni mwanamume na analia."

Sikukubali kirahisi. Nilimwandikia jibu la kurasa mbili, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, la kumkatalia. Hoja ya kwanza, nidhamu. Hoja ya pili, mtoto anayelala na taa macho yake huharibika. Hoja ya tatu, stima ni pesa. Alilisoma lote amesimama mlangoni, akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye hoja ya pili.

"Bibi, huu ushahidi," akasema, "umeuona?"

Taa ya korido inawaka.